Ukipewa bango la mgombea, mtazame kwanza mpiga kura

Mleta mada ameuliza mawili: kama dizaina kijana wa Mwanza apokee kazi za vyama wakati wa kampeni au azikatae ili asichafue jina, na kwa nini mabango ya siasa yote yanafanana. Wengi mmemjibu la kwanza tu, tena kwa mkato: chukua hela, siasa waachie wenye siasa. Mimi nadizaini na kuchapa hapa mjini, nimepita kwenye chaguzi kadhaa na nimechapia chama zaidi ya kimoja. Jibu hilo siliafiki.

Mdogo wangu, siasa ya dizaina haiko kwenye kadi aliyoiweka mfukoni. Iko pale anapoamua mwananchi aonekaneje kwenye picha, au asionekane kabisa. Hapo hakuna wa kukuamulia, maana mteja atakupa picha yake, jina lake na rangi za chama, halafu nafasi yote inayobaki ni yako.

Nianze na swali la kufanana, kwa sababu ndilo lenye nyama. Bango la kawaida lina uso mkubwa, rangi za chama, jina na neno la kuombea kura. Uso una sababu yake: mpiga kura atakutana na picha ya mgombea kwenye karatasi ya kura, lazima awe ameizoea. Rangi nazo huzigusi. Kijani na njano hata mtoto wa chekechea anajua ni za CCM, na vidole viwili vya CHADEMA vikinyanyuliwa juu hakuna anayeuliza. Lakini baada ya hapo tunaacha kufikiri. Tunabandika uso juu ya rangi, tunaita kazi imekwisha.

Haikuwa hivi siku zote. Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Zilikusudiwa kumsaidia asiyejua kusoma na zisimpendelee yeyote. Ila picha ya jembe katika nchi ya wakulima haiwezi kukaa kimya. Alama zikageuka hoja, mtu akasimama jukwaani kueleza kwa nini jembe ni bora kuliko nyumba, na mwenzake naye akajibu. Ninachokipenda mimi ni kwamba hoja ile ilianzia kwenye kitu alichonacho mpiga kura mwenyewe nyumbani kwake. Na katika uchaguzi huohuo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejijengea jina kwenye ushirika wa pamba wa huku kwetu Kanda ya Ziwa, aliangushwa. Sura inayojulikana haikutosha hata wakati ule.

Tazama pia nembo ya taifa. Waliosimama pale ni mwanamume na mwanamke, wameshika pembe za ndovu, chini kuna Mlima Kilimanjaro. Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni pa mwanamke kuna mpamba. Pamba ya Usukuma imo kwenye nembo ya nchi, na mwananchi amesimama wima, umbo kamili. Hata nyundo na jembe kwenye bendera ya CCM, ukiipenda ukiichukia, ni zana za mfanyakazi na mkulima. Sasa linganisha na mabango tunayotoa leo. Mwananchi amekuwa ukungu wa vichwa nyuma ya bega la mgombea. Hana uso, hana kazi, hana mahali.

Mteja mmoja aliwahi kuniletea picha ya umati aliyoitoa mtandaoni, akataka niiweke nyuma yake. Ukiikuza unaona vibao vya barabarani vya lugha isiyo yetu. Nikamwambia siiweki, twende Kirumba au Buswelu tupige picha za watu wake. Akaona namchelewesha, akahamishia kazi kwingine na bango likatoka vilevile alivyotaka. Sikujuta. Mtu anayeomba kura za watu wa jimbo la Ilemela, hapa Mwanza, kisha anawaweka watu wa bara jingine mahali pao amewaambia jambo zito, na mimi sitaki kuwa mkono uliolichapa.

Ombi jingine utakalokutana nalo ni "mweupishe kidogo". Hili linaniuma kuliko yote, na sehemu yake linatokana na mafundi kutojua wino. Skrini inaunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine inachapa kwa samawati (cyan), majenta, njano na nyeusi. Joto la rangi ya ngozi yetu linabebwa na majenta na njano. Samawati ikizidi, uso unakuwa wa kijivu kama mtu aliyetoka kuugua. Nyeusi ikizidi, macho na mashavu yanazama. Fundi akiona hivyo anakimbilia kuangaza uso mzima, na anatoka mtu mwingine kabisa. Dawa yake ni kupunguza samawati kwenye sehemu za kati za ngozi, kuacha weusi ubaki weusi, na kuulinda ule mng'ao wa paji la uso na mashavu, ndio unaoonyesha umbo. Na mpige picha asubuhi au kivulini, usimsimamishe kwenye jua la saa sita. Mgombea mweusi akichapwa vizuri anapendeza mno, na ukimwonyesha karatasi ya majaribio mara nyingi ombi lake linaisha lenyewe. (Kumbuka pia jua letu linakula majenta na njano kabla ya samawati. Ndiyo maana mabango yanayoachwa barabarani baada ya uchaguzi yanabaki na nyuso za bluu. Mwambie mteja mapema, na ayatoe kampeni ikiisha.)

Kuhusu maandishi, kanuni ya wachapaji ni kwamba herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 inasomeka vizuri kwa umbali wa mita 3. Kwa hiyo mtu aliye mita 30, tena juu ya bodaboda, anahitaji herufi ya sentimita 25. Pima bango lako kwa hesabu hiyo uone kama ile aya ya ahadi sita inafaa kuwepo. Chukua mfano wa kaulimbiu za uchaguzi wa 2015. "Hapa Kazi Tu" ya CCM ina herufi kumi. "Mabadiliko" ya upinzani nayo ina herufi kumi. Lakini ya kwanza inavunjika mistari mitatu, kila mstari unajaza bango la wima kwa herufi kubwa. Ya pili ni neno moja refu, ama ulilaze kwenye bango pana ama uliminye. Sisemi uchaguzi uliamuliwa na upana wa neno. Nasema kaulimbiu hutungwa na watu wasiowahi kusimama mbele ya mashine ya kuchapa, na dizaina aitwe mezani kabla haijapitishwa. "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya" ya CCM mwaka 2005 ilikaa vizuri popote kwa sababu ilikuwa na mapigo matatu, na "mpya" inajirudia pale pale kila mstari.

Halafu tunatafuta violezo mtandaoni ilhali tumelala juu ya hazina. Nenda Bujora, pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma. Waulize habari za Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma zilizoshindana vizazi na vizazi. Wanacheza kwa wakati mmoja, watu wako huru kutembea, na upande uliovuta umati ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila upande ulilazimika kubuni: vinyago, nyoka, mavazi, chochote cha kumfanya mtazamaji ageuze shingo. Ule ni ushindani wa picha ndani ya utamaduni wetu wenyewe, mkali kuliko kampeni yoyote, na haukuhitaji kumdharau mtazamaji. Pita pia mialoni, wanakoegesha wavuvi, utazame mafundi wanaoandika majina ubavuni mwa mitumbwi. Herufi nene, kivuli upande mmoja, rangi mbili zinazogombana, na jina unalisoma mtumbwi ukiwa bado mbali. Hao ni walimu, na wanapatikana bila ada.

Sasa swali lako la kwanza. Pokea kazi, ya chama chochote kilichosajiliwa, ilimradi uandike masharti yako kabla ya kushika pesa: huchapi uongo kuhusu mpinzani, hubadilishi ngozi ya mtu, huweki umati wa kuazima. Ukichapia pande mbili, waambie wote wawili, na faili za huyu zisionwe na yule. Usiri huo ndio unaoniletea wateja mpaka leo. Malipo yapokee kabla ya kuchapa. Wiki ya mwisho ya kampeni hakuna anayepokea simu.

Na ukienda kupiga picha za watu halisi kama ninavyokushauri, omba ruhusa, iandikwe. Mama anayeanika dagaa Igombe ukimweka kwenye bango la kijani au la chama kingine chochote, kesho yake wateja wake watamchukulia ni mwanachama, na wapo watakaomkwepa. Mweleze picha inakwenda wapi na ya chama gani, muonyeshe bango kabla halijatundikwa, akikataa mtoe. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, yule mama ana haki ya kuchagua anasimama upande gani. Mpe pia nakala ya picha yake iliyochapwa vizuri, bila nembo ya chama, aitundike nyumbani kwake.