Re: Msumeno wa babu umeandikwa Disston, ni wa lini?

Salaam ndugu. Kujua umri wa huo msumeno wa babu, wachana kwanza na ubapa wenye kutu, angalia kile kifungo cha shaba kwenye mpini, chenye jina la kampuni, mie yote inayopita kwangu hapa Mwembe Tayari naanzia hapo. Henry Disston alikuwa Muingereza, akaanza kutengeneza misumeno Philadelphia 1840, 1865 mwanawe akaingia, jina likawa "& Son" (na mwana), kufika 1871 hivi ndo ikawa "& Sons" (na wana), kwa hivyo hiyo S ya mwisho isome vizuri. 1955 kampuni ikauzwa kwa kampuni nyingine, H.K. Porter, ukiona jina hilo basi si wa zamani sana. Na usipige msasa bado, utafuta chapa, halafu hata mie sitaweza kukusaidia. Weka picha ya kifungo.