Kisu cha springi kwenye ala ya ngozi

Umeuliza kama kisu yako ya springi ya gari, ile unaweka kwa ala ya ngozi, itashika kutu, na kama uiuze. Ndio, itashika kutu hata kama fundi wa Kamukunji, Nairobi, aliyeitengeneza alifanya kazi safi, juu chuma ya springi ya gari sio stenlesi. Springi nyingi ni aina kama ile inaitwa 5160, iko na kaboni kama asilimia 0.6 na kromi (ile madini inazuia kutu) haifiki hata asilimia 1, na stenlesi inahitaji kromi kama asilimia 10.5 kwenda juu. Lakini usiiuze, kwa kazi ya kukata matawi na kupasua kuni hio chuma ni ngumu kuvunjika na makali unairudisha haraka na jiwe tu.

Shida yako kubwa ni hio ala. Ngozi inashika unyevu na dawa za kutengenezea ngozi zinakula chuma polepole, ndio maana unaona vidoadoa kwa ubavu wa kisu penye inagusana na ngozi na kwa mpini iko sawa. Ala ni ya kubebea, ukifika nyumbani toa kisu, panguza ikauke, paka mafuta ya cherehani kidogo, alafu iweke nje ya ala. Mafuta ya kupikia achana nayo, inakuwa gundi.

Kuloweka kisu kwa siki mpaka iwe nyeusi inasaidia, lakini hio rangi inapunguza kutu tu, haizuii, so mafuta bado utapaka. Na osha siki yote vizuri na maji ya sabuni, ikibaki kwa mpini itaendelea kula chuma ndani.