Kuta za Nje Zilizoingia Ndani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilipokuwa London niliingia ile hoteli ya matofali mekundu mbele ya stesheni ya St Pancras. Mapokezi yake yana kuta zenye madirisha ya nje, na juu ni paa la vioo. Ndivyo ilivyojengwa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Jicho lako limeona vema: hapo uliposimama palikuwa nje kweli. Ilikuwa njia ya magari ya farasi, baadaye teksi, yaliyofuata abiria wa treni. Ilifanywa ukumbi hoteli ilipofunguliwa upya mwaka 2011.

Msanifu wa jengo, George Gilbert Scott, aliijaza nakshi na dhahabu, nayo ikaanza kupokea wageni mwaka 1873 kwa jina la Midland Grand. Lakini vyumba havikuwa na bafu vyake. Wahudumu walipandisha maji na mabeseni. Na sakafu zilikuwa nene mno, za kuzuia moto, hata kupitisha mabomba baadaye ikawa shida kubwa. Mwaka 1935 hoteli ikafungwa, ikageuzwa ofisi za reli. Miaka ya 1960 ilinusurika kubomolewa. Mshairi John Betjeman alikuwa miongoni mwa walioipigania.

Mimi nilishikwa na ngazi yake kuu. Inapanda, inagawanyika pande mbili, na vyuma vinavyoibeba vimeachwa wazi chini yake, vimenakshiwa. Nilisimama pale hadi shingo ikauma. Vyumba vingi vya wageni siku hizi viko katika jengo jipya lililoongezwa ubavuni, na orofa za juu za jengo la Scott zimekuwa makazi ya watu.