Nilishusha giaboksi mara mbili kwa ubahili wangu mwenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, klachi yangu inateleza. Fundi anasema tubadilishe pleti tu, flaiwili bado nzima. Nimkubalie?" (Pleti ni ile sahani ya klachi inayopeleka nguvu kwenye giaboksi; flaiwili ni gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, ambalo pleti inabanwa juu yake.) Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi. Niliyapenda kwa sababu yalinipunguzia gharama, na baadaye niliyalipia kwa mgongo wangu, kihalisia, nikiwa nimelala chali sakafuni huku vumbi la klachi likinidondokea machoni.

Gari langu ni Nissan 350Z, zile za mwanzo zenye injini ya VQ35DE: silinda sita, lita 3.5, gia sita za mkono. Unayesoma hapa sina haja ya kukueleza kwa nini mtu na akili zake anahangaika na gari la klachi wakati wenzake wote wamehamia otomatiki. Unajua. Ndiyo maana uko hapa.

Dalili ya kwanza niliipata nikiwa gia ya tano, nikitaka kulipita lori. Nikakanyaga mafuta. Mshale wa raundi ukapanda kwa kasi, injini ikanguruma vizuri kabisa, lakini mshale wa mwendo ukabaki palepale. Lori likawa linaniangalia tu. Nikajiambia ni barabara. Siku nyingine nikajiambia ni joto. Miezi miwili nzima nilijidanganya hivyo, mpaka ile harufu ya pleti inayoungua ikawa inaniletea aibu kila nikiwa na abiria. Usifanye hivi. Kila siku unayoendesha klachi inayoteleza unaipika flaiwili, na hapo ndipo hasara ilipojificha.

Nikaenda gereji. Jina sitalitaja, maana nina hakika nao wana watoto wa kulisha. Giaboksi ikashushwa, fundi akaipiga flaiwili msasa kidogo, akafunga pleti mpya na presha pleti mpya (ile inayoibana pleti) juu ya flaiwili ile ile ya zamani. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema sawa. Hiyo ni kuvaa kanzu iliyotoka kufuliwa juu ya mwili wenye jasho la jana.

Wiki ya tatu gari likaanza kutetemeka nikiachia klachi. Si mtetemo wa kuvumilika. Lilikuwa linaruka kama punda aliyekataa mzigo. Nikalirudisha. Yule fundi akalizungusha mara moja, akashuka, akaniambia mbele ya vijana wake watatu kwamba shida ni mguu wangu, kwamba gari za namna hii si za kila mtu. Wakacheka wote. Miaka imepita, nimefanya mengi, lakini kicheko kile bado nakisikia nikifungua bolti.

Basi nikaamua nishushe mwenyewe. Mimi na binamu yangu, jeki moja ya giaboksi ya kuazima, na stendi nne. Habari za egzosi na propela sitakuchosha nazo, ni bolti kama bolti nyingine. Kinachostahili kusimuliwa ni zile bolti za juu zinazoishika giaboksi kwenye injini. Huzioni. Unazipapasa tu. Tuliunganisha ekstensheni za spana mpaka zikawa ndefu kama fimbo ya mchungaji, tukazipitisha kule nyuma juu ya giaboksi, mmoja anaelekeza kwa vidole na mwingine anavuta. Bolti moja ilitula Jumamosi nzima. Ilipolegea binamu yangu alipiga vigelegele, na yeye si mtu wa vigelegele.

Tulipoitoa presha pleti, nikaiona kweli yenyewe. Uso wa flaiwili ulikuwa na mabaka ya bluu, alama za chuma kilichoungua, na katikati ya mabaka nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Pale chuma kinapoungua kinakuwa kigumu kuliko sehemu nyingine, pleti inashika hapa na kuteleza pale, na gari linaruka. Mguu wangu haukuhusika hata kidogo. (Nilipiga picha. Nilifikiria kumpelekea yule fundi. Sikumpelekea. Ninayo bado.)

Tena kulikuwa na la zaidi. Flaiwili ya kiwandani ya 350Z ni ya vipande viwili, na katikati yake zimo springi zinazomeza mapigo ya injini kabla hayajafika kwenye gia. Ukiushika upande wa pili ukauzungusha kwa mkono, springi zinatakiwa zikurudishie mara moja. Wa kwangu ulizunguka bure kwanza, ndipo springi zikashika, na ukiutikisa ulicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Flaiwili ya aina hiyo kwa kawaida haichongwi, inabadilishwa. Msasa wa yule bwana ulikuwa wa kupaka poda.

Pleti yangu ya wiki chache nayo ilikwisha kuungua. Nikanunua vyote upya: flaiwili na bolti zake mpya, pleti, presha pleti, beringi ya klachi, oili sili ya nyuma ya krenki (ule mpira unaozuia oili ya injini isivuje). Giaboksi ikiwa chini, badilisha vyote. Oili sili ni kitu kidogo, lakini ikivuja juu ya pleti mpya unashusha tena. Nasema tena: vyote.

Kufunga kulikwenda haraka. Safisha uso wa flaiwili mpya, maana inakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Angalia upande wa pleti ulioandikwa kwamba unaelekea flaiwili. Iweke katikati kwa kile kijiti cha kulinganishia. Bolti za presha pleti kaza kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, umalizie na spana ya kipimo kwa namba za kitabu cha gari lako. Giaboksi usiiache ining'inie kwenye shafti yake wakati wa kuiingiza, utaipinda pleti. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kugusa tu.

Sasa ungamo. Niliponunua flaiwili nilichagua ya kipande kimoja, nyepesi, kwa sababu ya tamaa; nilitaka raundi zipande haraka. Nikawasha gari. Katakatakata! Kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Moyo ukanianguka. Nikaanza kumwona yule fundi na vijana wake. Binamu yangu ndiye aliyesema, "Hebu kanyaga klachi." Nikakanyaga, kimya. Nikaachia, katakata. Kumbe springi hazipo tena, mapigo ya injini yanaingia moja kwa moja kwenye gia zisizo na mzigo, nazo zinagongana. Haiharibu kitu, ndivyo ilivyo, ila hakuna aliyenionya. Kama gari lako ni la kwenda nalo kazini kila siku, rudishia ya vipande viwili. Mimi siku hizi ndiyo ningeichagua, ingawa mbele ya watu huwa sisemi.

Na ninyi mnaopumzisha mguu juu ya pedali ya klachi barabara nzima, na mnaolishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono, mnatafuta nini? Mnapenda sauti ya injini, mnapenda picha, kujifunza hamtaki. Mtu akikucheka, jifunze. Nililala chini ya gari wikendi tatu ili nijifunze.

Mdogo wangu uliyeniandikia: usimkubalie. Mwambie giaboksi ikishuka akuite, uje na tochi, uitazame flaiwili kwa macho yako na uitikise kwa mkono wako. Ikiwa na mabaka au inacheza, nunua nyingine. Ukishafunga, kilomita 500 za mwanzo endesha kama umebeba mayai. Na ukisikia katakata siku ya kwanza, kanyaga klachi kwanza kabla hujanipigia simu usiku.