Wacheni Sarafu na Uchafu Wake

Kuna kijana ametuonyesha hapa kwenye kikundi chetu cha wakusanyaji sarafu shilingi 40 ya 2003, ile ya miaka arobaini ya uhuru wa Kenya, imewekwa juu ya kitambaa cheusi. Inametameta. Anauliza bei. Wazee wote kimya, maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumwambia kuwa kuing'arisha kumeua bei yake. Haya, nitasema mimi, na nyinyi wengine mnaoanza sogeeni karibu.

1. Mpya si adimu. Benki Kuu ya Kenya ilipozindua sarafu za twiga, kifaru, simba na tembo tarehe 11 Desemba 2018, kuna watu walikimbia kutafuta fremu. Jamani, hizo ni za matumizi. Ashu ya simba, yaani shilingi kumi, iko mkononi mwa kila makanga wa mji huu. Ya ukumbusho hutolewa kwa ajili ya tukio: shilingi 5 ya 1973 yenye pembe tisa, ya miaka kumi ya uhuru, au shilingi 500 ya fedha ya 1988, ya miaka kumi ya Moi madarakani. Uliza zilipigwa, yaani zilitengenezwa, ngapi kabla ya kuuliza bei.

2. Shika ukingo. Kila siku, hata mkono ukiwa safi.

3. Usioshe. Usisugue. Usipanguse hata na shati.

Zangu za shilingi 40 nilizipata dirishani benki zikiwa mbichi kabisa, hazijatumika. Ukiinamisha sarafu mbichi chini ya taa, mng'ao unatembea: miale inazunguka polepole, inapita juu ya uso wa Kibaki, inafika ukingoni, inarudi. Ni mistari midogo mno inayobaki metali ikisukumwa na chapa siku ya kupigwa, na ikishatoka hairudi. Mimi sikujua. Nilizitupa zote kwenye mkebe wa Kimbo pamoja na misumari, na baada ya miaka zikashika ukungu wa kahawia. Nikaona aibu kuzipeleka sokoni hivyo. Nikachukua ile dawa ya kung'arishia vifungo vya askari, nikachana fulana kuukuu, nikasugua jioni nzima huku redio ikitangaza mpira. Zikang'aa! Nilijisikia fundi.

Nikazifunga kwenye leso, nikampelekea mzee mmoja mjini anayenunua. Lenzi hakuigusa. Aliinamisha moja kuelekea dirishani, na kwa mara ya kwanza nami nikaona: mwanga umekaa mahali pamoja, umekufa, kama tako la sufuria lililosuguliwa kwa stiliwaya.

"Kijana, hii ulisugua na nini?"

Nikamwambia.

"Basi nenda ukanunue maziwa. Shilingi arobaini bado ni shilingi arobaini."

Hata duka la mtaani lilizikataa, mwenye duka akidhani ni za kuchezea watoto. Iliyokuja kununuliwa ni moja tu, ile iliyoganda chini ya mkebe nikaisahau. Mzee aliichukua na ukungu wake wote, akaishika ukingoni kama yai la njiwa, na sasa alitoa lenzi.

4. Plastiki laini ya stesheneri inatoa ute wa kijani juu ya sarafu. Nunua kapsuli ngumu za kuhifadhia sarafu.

5. Ikija na sanduku na cheti, vitunze. Mnunuzi wa kesho atavidai.

6. Tangu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, sarafu ya Kenya hairuhusiwi kubeba sura ya mtu yeyote. Akija mtu na "toleo jipya la ukumbusho" lenye sura ya rais, geuza utafute thamani iliyoandikwa. Haipo? Umeshika medali. Ipo? Hiyo ni bandia, kimbia zaidi.

Na wewe mwenye randi 5 ya Afrika Kusini ya mwaka 2000, ya Mandela anayetabasamu, uliyekuwa ukiuliza bei ya ploti Kitengela ukidhani itakununulia: zilipigwa kwa mamilioni, ndugu yangu. Itunze kwa sababu ya tabasamu. Yule aliyekuambia ana tajiri anayezitafuta, ila kwanza utume ada ya usajili kwa M-Pesa, usimpigie tena. Ukiwa ulishatuma, piga ripoti leo, usingoje aibu iishe.