Anzia jikoni: tabia za nyumbani zinazopunguza mzigo wetu kwa mazingira

Ushauri mwingi wa mazingira unaotufikia umeandikwa kwa ajili ya mtu anayepanda ndege mara kwa mara, anayekula nyama ya ng'ombe karibu kila siku na anayepasha joto nyumba nzima miezi ya baridi. Mtu huyo yupo, na ushauri ule unamfaa. Lakini mimi naishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, na wengi ninaowaandikia wanaishi hivyo hivyo. Hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, ukiigawa kwa kila Mtanzania, haifiki nusu tani kwa mwaka. Kwa Mmarekani mmoja ni takriban tani 14. Ukiniambia nipunguze safari za ndege, sina cha kupunguza.

Hata hivyo mzigo tunao, ila umekaa mahali pengine: kwenye mkaa, kwenye taka na kwenye maji. Nitaongea zaidi kuhusu mkaa, maana naamini kabisa kwamba familia ya mjini ikibadilisha namna inavyopika, imefanya kazi kubwa kuliko mengine yote ikiyajumlisha.

Kopo la mkaa linaonekana kitu kidogo. Muuzaji yuko hatua chache kutoka mlangoni, unanunua la kupikia leo, kesho unarudi. Yaliyotangulia huko nyuma huyaoni. Mkaa wetu mwingi huchomwa kwa tanuri la kienyeji: magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa nyasi na udongo, yanaachwa yaungue polepole kwa siku kadhaa. Kwa njia hiyo kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo 6 hadi 10 za mti, yaani sehemu kubwa ya nguvu ya mti ule imepotelea msituni kabla gunia halijafungwa. Magunia yanatoka Pwani, Morogoro, Tanga na mikoa mingine, na Dar ndiyo inayomeza kuliko mji mwingine wowote nchini. Takwimu za Serikali zinazotajwa mara nyingi zinasema tunapoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Kufyeka mashamba ndiko kunakoongoza, lakini mkaa nao una fungu lake kubwa, na fungu hilo linaishia kwenye majiko yetu.

Halafu kuna moshi. Serikali inakadiria kuwa Watanzania wapatao 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayohusiana na moshi wa kuni na mkaa. Anayekaa mbele ya jiko ni mama, ni dada wa kazi, ni mtoto aliyebebwa mgongoni. Hilo linaniuma kuliko hekta zote nilizozitaja.

Nilianza na maharage, na wewe nakushauri uanze hapo hapo. Katika chakula chetu cha kila siku hakuna kinachokula moto kama maharage na makande. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, funika sufuria na mfuniko unaokaa vizuri. Kuloweka peke yake kunapunguza muda wa jikoni kwa kiasi utakachokiona kwenye gunia lako la mkaa mwezi huo huo. Hatua ya pili ni kikapu. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu, kizungushie ndani blanketi kuukuu, lishonee kitambaa, na tengeneza mto wa kufunikia juu. Chakula kikichemka sawasawa, epua sufuria na mfuniko wake, litie ndani ya kikapu, funika, liache. Wali unamalizikia humo bila moto. Maharage yaliyolowekwa, ukiyachemsha vizuri kwanza, yanaendelea kuiva saa kadhaa wewe ukiwa kazini. Sharti ni moja: usifungue kuchungulia, joto likitoka halirudi. Na ukitoa, chemsha tena kabla ya kula, hasa kama kimekaa muda mrefu.

Baadaye nikahamia kwenye jiko la umeme la presha. Najua wengi wanaogopa kupikia umeme, na hofu hiyo ina sababu. Jiko la koili linapoteza joto kila upande, linamaliza uniti mtu akiangalia. La presha limefungwa, limezibwa joto lisitoke, na likishafikia kiwango linajizima lenyewe na kuwaka kidogo kidogo. Sufuria la maharage yaliyolowekwa linaiva chini ya saa moja, na umeme unaotumika haufiki uniti moja. Kwa kaya ya kawaida uniti ni kama shilingi 350, na kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ni karibu theluthi ya hiyo. Weka bei hiyo pembeni ya mkaa ambao ungeutumia kwa maharage hayo hayo, ufanye hesabu mwenyewe. Na umeme wenyewe siku hizi unazidi kutoka kwenye maji: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yake ilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024.

Gharama ya kununua jiko ndiyo kikwazo, sitaificha. Mimi nililipia kwa zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana fedha na kupokezana. Wengine wanakopa kwenye kikoba. Njia hizo tunazo tayari, tunazitumia kwa vyombo na makochi, jiko nalo linastahili.

Kikwazo kingine sijaona watu wakikiandika, na wapangaji wote wanakijua: LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja nyumba nzima. Ukiingiza jiko la umeme, mwenzako wa chumba cha pili anaanza kuhesabu, na hata kama unatumia kidogo utalaumiwa kila umeme ukiisha. Dawa yake ni mita ndogo ya ndani kwa kila mpangaji. Fundi umeme anazijua. Zungumza na mwenye nyumba kwanza, kwa heshima, mweleze kwamba zitapunguza ugomvi wa wapangaji wake. Kwetu tulichangishana, na tangu hapo kila mtu analipia alichotumia.

Gesi je? Gesi ya mitungi ni mafuta ya ardhini, haina usafi wa umeme wa maji ya Rufiji. Lakini ukiilinganisha na mkaa wa tanuri la kienyeji, ni afadhali sana, kwa msitu na kwa mapafu ya mpishi. Kinachowarudisha watu kwenye mkaa ni kwamba mkaa unanunuliwa kwa hela ya leo, na mtungi unataka hela nyingi kwa pamoja. Weka kibubu cha gesi. Kila siku ambayo ungenunua kopo la mkaa, tumbukiza sehemu ya hela ile, mtungi wa kilo 6 ukiisha utakuta cha kuanzia. Ziko pia kampuni zinazofunga mita kwenye mtungi ukalipia gesi kidogo kidogo kwa simu. Mtungi ukae wima, mahali penye hewa, na mpira uupake maji ya sabuni mara kwa mara: ukiona mapovu, gesi inavuja.

Kwa ambaye mkaa bado ndio anaoumudu, simwachi nyuma. Nunua jiko banifu lenye udongo ndani lisilo na ufa. Panga kupika mfululizo moto ukiwa tayari, kinachotaka moto mkali kwanza. Ukimaliza, mkaa uliobaki utie kwenye debe lenye mfuniko, ukose hewa, utazimika na kesho utawaka tena. Watu wengi wanauacha ufe wenyewe jikoni na hiyo ni hela na mti. Mkaa wa vifuu vya nazi nao unafaa kwa vyakula vya muda mrefu. Na usiingize jiko linalowaka chumbani mkalala nalo, kwa baridi yoyote ile, maana hewa yake inaua bila harufu.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Nalitamani lengo hilo kwa dhati. Litafikiwa sufuria moja moja, katika nyumba kama zetu.

Sasa taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi, na Kenya walianza Agosti 2017. Mabadiliko yale yalikuwa makubwa, tuliyaona kwenye mitaro. Lakini vikaja vile vifungashio vyembamba vinavyoonyesha kilichomo ndani, ambavyo vilikusudiwa kufungia bidhaa tu, na watu wakavigeuza mifuko. Muuzaji anakufungia nyanya, vitunguu mbali, pilipili mbali, vyote vidogo vidogo. Mfuko wangu wa kitenge uko kwenye pochi siku zote, unakunjwa ukaenea kiganjani, na sokoni natanguliza neno kabla muuzaji hajanyoosha mkono: "Mama, weka humu humu." Ukichelewa ameshafunga. Chipsi, mihogo na supu naendea na hotipoti. Wauzaji wanafurahi, maana na wao nailoni wanainunua, na chakula cha moto hakina sababu ya kukaa ndani ya plastiki.

Mabaki ya chakula ni habari kubwa kuliko plastiki, ingawa hayapigiwi kelele. Sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni maganda ya ndizi, majani ya mboga, makapi na ukoko. Yakirundikwa dampo, kama kule Pugu, yanaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha joto dunia takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Maganda hayo hayo yakioza penye hewa yanakuwa mbolea. Toboa ndoo kuukuu pembeni na chini, tia maganda, juu yake majani makavu au makaratasi yaliyochanwa, geuza mara moja moja. Ikinuka, ongeza vikavu. Mboji ikiiva, jaza kwenye gunia pamoja na udongo, panda mchicha au matembele. Huna nafasi kabisa? Jirani mwenye kuku au mbuzi atayapokea kwa shukrani. Taka zikipungua namna hiyo, zinazobaki hazinuki, na unaweza kumtengea muokota makopo chupa zake safi, asilazimike kuchakura uchafu ili apate riziki.

Usichome plastiki uani. Moshi wake una sumu, na unaingia kwenye madirisha ya watoto wa jirani.

Na pampasi. Hili nawaandikia akina mama wenzangu, na akina baba wanaozinunua. Zinatupwa kwenye mitaro, zinavimba maji, zinaziba, na mvua ya masika ikija watu wa mabondeni mwa Mto Msimbazi ndio wanaoyapokea yote. Sisemi mama anayefanya kazi aziache kabisa. Nepi za kitambaa mchana mtoto akiwa nyumbani, pampasi usiku na safarini: kwa mpangilio huo tu umezipunguza kwa zaidi ya nusu, na mtoto anapumzika na vipele. Zile utakazotumia zifungwe na zipande gari la taka.

Maji nitayasema kwa ufupi. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar inatoka Mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa, Ruvu ulipungua na mji ukaingia kwenye mgao. Mvua hatuiamrishi, lakini miteremko iliyovuliwa miti inamwaga maji yote kwa mara moja na kukauka mapema, kwa hiyo mkaa na bomba ni habari moja. Nyumbani, maji ya kusuuzia nguo yanadeki na kusafisha choo, ya kuoshea mchele yananywesha mchicha. Bomba linalodondosha lifungwe mpira mpya wiki hiyo hiyo.

Usafiri, wengi wetu tayari tunapanda daladala na mwendokasi, na hapo tuko vizuri. Ukiwa na safari ya Morogoro au Dodoma, panda treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, inatumia umeme.

Neno la mwisho ni kwa atakayeanza peke yake nyumbani mwake. Anayepika kila siku ndiye wa kuzungumza naye kabla hujanunua chochote. Kama ni dada wa kazi, mwoneshe jiko la presha linavyofunguliwa na kufungwa, mpike pamoja mara kadhaa, usimwachie kitabu cha maelekezo. Kama ni mama mkwe na anasema maharage ya mkaa ndiyo matamu, yachemshe kwenye presha halafu mwache ayaunge yeye, kwa nazi na vitunguu vyake, kwenye moto anaoupenda. Kuunga ni dakika chache. Mkaa ulioliwa na kuchemsha tayari umeuokoa.