Ufunguo uliogoma kuzunguka

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa jana usiku nimeuona baada ya alfajiri, simu ilikuwa kwenye chaji. Waniuliza: "Mama, ufunguo waingia vizuri lakini hauzunguki, nifanye nini?" Halafu ukasema, kama jambo dogo tu, kwamba uliliegesha gari Makadara na tairi la mbele limebana ukingo wa barabara. Basi anza na hilo tairi kabla ya kuulaumu ufunguo.

Ukishachomoa ufunguo, usukani ukisogea kidogo tu, kijiti cha chuma huchomoza ndani na kuushika, ili mwizi asiondoke na gari. Sasa tairi likiwa limebana ukingo, usukani wote huwa unakilalia kile kijiti. Kimebanwa, hakirudi, na kisiporudi ufunguo hauzunguki. Shika usukani kwa mkono wa kushoto, ujaribu pande zote mbili. Upande mmoja utaukuta mgumu kama ukuta, wa pili unacheza kidogo. Uvute huo unaocheza, uushikilie hapo hapo, na mkono wa kulia uzungushe ufunguo taratibu. Utasikia "ta!" na swichi ya kuwashia gari itafunguka.

Nguvu usitie. Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Zamani nikipeleka mahamri Likoni kwa lile gari langu la Probox, siku moja nimezima gari na kuchomoa ufunguo kwenye foleni ya feri, nimeulalia usukani kwa uchovu. Foleni ikasogea, ufunguo ukagoma. Nyuma honi tupu, makondakta wa matatu wanapiga kelele, "Mama, songa!" Nami kwa haya na hasira nikaukamata ufunguo kwa koleo. Ukakatika: nusu mkononi, nusu ndani ya swichi. Vijana walikuja kulisukuma, lakini usukani umefungwa, gari likaenda linakotaka lenyewe. Mahamri yalipoa, na fundi nilimlipa pesa ambazo hata babako sikumtajia.

Ukiulegeza usukani na bado ufunguo ukakataa, ndipo uutazame wenyewe. Ndani ya swichi mna vibati vidogo vyenye springi, na kila jino la ufunguo hunyanyua chake mpaka kimo chake. Meno yakilika, vibati havifiki mahali pake. Wewe unatembea na funguo za nyumba, za duka na kufuli mbili, zote kwenye pete moja, zinaning'inia na kuyumba kila ukipita shimo. Uzito huo unaumiza ufunguo na swichi pia. Zitenganishe.

Yawezekana pia ni vumbi, na hapa kwetu na chumvi ya bahari. Chukua penseli, paka risasi yake kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Ule unga mweusi hulainisha bila kunata. Mafuta usitie, hata kama jirani yako atakuapia. Nimeona mtu amemimina mafuta ya nazi kwenye swichi. Mwezi haukuisha ikawa imejaa tope.

Ikianza kugoma mara kwa mara, usingoje igome moja kwa moja. Kwenye Toyota nyingi silinda ya swichi, pale ufunguo unapoingia, haichomoki mpaka ufunguo uzungushwe hadi ACC, ile hatua ya kwanza ya kuwasha redio, ndipo fundi abonyeze kipini chake aitoe. Ikikwama kabisa, atalazimika kutoboa kwa drili, na hiyo ni gharama nyingine. Na ufunguo ukizunguka lakini gari likanyamaza, hayo ni mengine: tazama betri, au kama gea haiko kwenye P, ile ya kuegesha.

Ufunguo wa akiba uko hapa kwangu, ndani ya kopo la vifungo juu ya cherehani. Haukutumika sana, meno yake bado makali. Ukitaka kuchongesha mwingine, uchongwe kutoka huo. Ukichongesha kutoka huo wako uliolika, utapata mwingine uliolika vile vile. Na umwulize fundi kwanza kama ufunguo huo una chipu kichwani, ile ambayo gari huutambua nayo, maana usiokuwa na chipu utazunguka vizuri na injini isiwake.

Pita Ijumaa baada ya swala uuchukue. Na lile bakuli langu la biriani, nalo lirudi.

Mamako